Ngazi ya Watoto

Ndahani aliingia Munyuni mchana wa jua kali akiwa na dumu la maji begani, na vijana wa getini wakashindwa kujizuia kucheka. Tangu mvua zilipolisusa bonde la Bahi, watu walikuwa wakija Munyuni na madumu matupu. Huyu kaja na lililojaa. Wakamwuliza kama baada ya hapo angekwenda kumuuzia ng'ombe maziwa. Aliomba tu aitiwe shemeji yake, Semeni, mpimaji wa bwawa.

Semeni alikuwa kwenye mabanda ya vioo, akifuta utando wa vumbi ili jua lipite vizuri. Mabanda hayo ndiyo yaliyounywesha mji. Maji ya chumvi kutoka bwawani yalitandazwa chini ya vioo, yakapata joto, yakapaa kama mvuke, yakatanda kama umande kwenye vioo na kuteremka matone kwa matone hadi kwenye mifereji, yakiwa matamu kabisa. Chumvi iliyobaki sakafuni ilizolewa kwa pauro na kurudishwa bwawani kufanya kazi tena.

"Mbukwa, shemeji," Ndahani alimwamkia mlangoni.

"Mbukwa. Mbona hukutuma habari?"

Alimkalisha kivulini, akamchotea kikombe kutoka kwenye mgao wake mwenyewe. Ndahani alikunywa polepole, macho kayafumba, halafu akaomba kingine. Alipomaliza alifungua dumu lake, akakijaza kikombe kile kile, akamnyooshea Semeni.

"Na wewe onja yetu."

Semeni alipiga funda moja, akalitema pale pale mchangani. Aibu ikamshika kabla hata hajafuta midomo, maana alichokitema ndicho familia ya marehemu mumewe ilichokuwa ikipikia uji. Ndahani aliutazama mchanga ulivyolowa, wala hakukasirika.

Alimweleza kwa sauti ya chini. Ilianzia kwenye kisima cha kanisani, ikahamia kwenye visima vingine vya Nzogole, kimoja baada ya kingine. Mtama wa bustanini uliungua majani. Ng'ombe wakaanza kutupa mimba. Kisha watoto wachanga wakaanza kuharisha na kukauka midomo, na kila walivyonyweshwa ndivyo walivyozidi kukauka. Mjukuu wake, yule waliyemwita Yoeli kwa jina la marehemu mume wa Semeni, walikuwa wamemzika wiki iliyopita, pembeni ya babu yake huyo. Mama yake alimnywesha maji usiku kucha akidhani anamponya.

"Ninyi ni watu wa chumvi," Ndahani alisema. "Mnaijua kuliko sisi. Tupimie, utuambie imetoka wapi."

Hakuja kulaumu. Kama angekuja kulaumu, Semeni angepata pa kushika, angebishana naye. Lakini mtu yule alikuja kuomba msaada kwa shemeji yake msomi, na Semeni bado alikuwa na ladha ile ulimini. Chumvi ya mbugani Munyuni ina uchungu wa magadi unaobaki nyuma ya ulimi, na kwa maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuuonja uchungu ule mahali pengine.

"Nitapima, shemeji," alimwambia. Akalimwaga dumu lile, akalijaza maji matamu ya mgao wake wa siku kadhaa, akamsindikiza mpaka getini.

*

Nyumbani alimkuta binti yake Lea akikata vitunguu vya kachumbari huku kamfunga mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa Nyemo, mjukuu wa kwanza wa Semeni, na Jumapili ilikuwa siku yake ya kutiwa chumvi. Kikapu chake kilikuwa tayari mlangoni, kimefunikwa kanga mpya. Lea alikuwa na furaha inayomfanya mtu aimbe bila kujijua. Alinyunyizia vitunguu chumvi, akaweka bakuli kando, na baada ya muda mfupi maji yakaanza kukusanyika chini ya bakuli bila mtu kukamua.

Wanawake wa Munyuni wakitaka kuwaeleza watoto siri ya mji wao, huwaonyesha bakuli kama lile. Chini ya Munyuni kuna tabaka nene la mfinyanzi, na chini ya mfinyanzi kuna mchanga uliojaa maji matamu. Mchanga ule ni mlaini mno, kila kisima kilichochimbwa kilijifukia chenyewe, na mafuta ya kuendeshea pampu yalikwisha siku nyingi. Wahandisi walioanzisha mji hawakuchimba. Walitengeneza bwawa juu ya mfinyanzi wakalijaza chumvi. Mfinyanzi ni mabapa membamba yaliyorundikana kama karatasi, na kila bapa lina chaji yake ya umeme. Maji hupenya katikati ya mabapa, lakini chumvi hurudishwa nyuma. Basi maji ya chini huifuata chumvi iliyo juu, yanapanda yenyewe usiku na mchana, kama yanavyotoka kwenye kitunguu.

Mji ukaikabidhi chumvi uhai wake, na baadaye ukaikabidhi mambo mengine ambayo wahandisi hawakuyafikiria. Kila mtoto aliyezaliwa alitiliwa kikapu cha chumvi bwawani kwa jina lake, kwenye ngazi ya upande wa mashariki, ngazi ya watoto, na kigingi chake kikachomekwa ukingoni. Aliye na chumvi bwawani ana mgao wa maji. Asiye na chumvi ni mgeni, hata kama kazaliwa pale pale. Na mtu akifa, kanuni ya mwanzo ilisema chumvi yake itolewe. Lakini mwaka mmoja wa ukame mbaya watu walizika sana, na waliofiwa wakaomba waachiwe walau hicho. Wakasema acha marehemu waendelee kutuvutia maji. Nani angewakatalia? Kuanzia hapo vigingi vya wafu vilipakwa chokaa tu, na chumvi yao ikabaki.

Siku hizi vigingi vyeupe vilikuwa vingi kuliko vya watu hai. Mtu akisimama mashariki ya bwawa huona kama ukingo umeota meno.

"Mama, kula," Lea alisema. "Unalitazama bakuli kama limekukosea."

Semeni alikula, lakini hakujua alichokila.

*

Asubuhi alikwenda kwenye ngazi ya watoto akiwa na funguo za bomba la chini. Ni bomba jembamba la kioo kigumu, limepenya mfinyanzi hadi kwenye mchanga, na ndani yake maji ya chini huonekana yalipofika. Kulikuwa na mabomba mengi kuzunguka bwawa. Hili la ngazini lilikuwa halijafunguliwa muda mrefu, kwa sababu ndogo ya kijinga: kila mara kulikuwa na familia pale imekuja kuzungumza na marehemu wake, na Semeni hakupenda kuwasumbua na vyuma vyake. Vipimo vya ngazini alivikadiria kutokana na mabomba ya jirani.

Alifungua kifuniko, akateremsha kipima chumvi kwa uzi. Mshale ukaruka hadi mwisho, ukagonga na kubaki pale. Alikivuta, akakisuuza, akakirudisha. Mshale ukagonga tena.

Akakaa kwenye ngazi, miguu ndani ya maji makali, akayapanga mambo kichwani mpaka yakakaa sawa. Maji ya bwawa yana uzito, na uzito huo hushindilia kwenda chini. Chumvi nayo huvuta maji kuja juu. Ni kama watu wawili wanaovutana kamba, na mji ulikuwa hai kwa sababu chumvi ilikuwa ikishinda. Lakini chumvi ikizidi mno hufanya jambo jingine. Huizima ile chaji ya mabapa. Mabapa yanagandana, mfinyanzi unasinyaa, nyufa ndogo zinafunguka kati yake. Penye ufa hakuna tena cha kuzuia chumvi, na pasipozuiwa chumvi hakuna mvuto. Hapo uzito unashinda, na maji ya chumvi yanateremka.

Na wao walikuwa wamemwaga chumvi kavu mahali pale pale, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu ndipo mama zao walipomwaga. Ilikuwa imelala chini ya ngazi tabaka juu ya tabaka bila kuyeyuka. Mvuto ulipolegea, dawa ya mji ilikuwa ile ile, ongeza chumvi, jaza bwawa. Semeni mwenyewe aliitia sahihi dawa hiyo zaidi ya mara moja, akiwa na akili zake timamu. Kutoka pale ngazini, mteremko wa mchanga ulikwenda moja kwa moja Nzogole.

Alilia. Hakulia kwa muda mrefu, maana mama mmoja alikuwa anakuja na chokaa yake kupaka kigingi upya, na Semeni aliona haya kuonekana.

*

Baraza lilikutana nyuma ya ghala la chumvi. Mwenyekiti, Mazoya, alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alimsikiliza Semeni bila kumkatiza. Wengine walitikisa vichwa pale alipotaja mtoto wa Nzogole.

"Dawa yake nini?" Mazoya aliuliza.

"Tutoe chumvi ya marehemu wote. Na nusu ya maji matamu tunayopata tuurudishie mfinyanzi wa ngazini. Ukinywa maji matamu utavimba, na nyufa zitajifunga."

"Kwa muda gani?"

"Misimu miwili. Labda mitatu."

"Na muda huo nusu ya mji itakunywa nini?"

Semeni alikuwa ameamka na swali hilo. Alisema wanaoweza kutembea wangeweza kuhamia milimani, na mjumbe mmoja akamwuliza kwa upole ni nani atakayewabeba wasioweza. Semeni akasema tena kwamba hata wakikaa kimya, mwisho wake ni ule ule. Chumvi ikishakuwa sawa juu na chini, maji hayatakuwa na sababu ya kupanda, na Munyuni itakufa kwa kiu kama wengine. Wakamwuliza hilo litatokea lini. Akasema labda wajukuu zao watakapokuwa wazee. Aliona mabega yao yakishuka kwa nafuu.

"Eliwaza wangu yuko mle," Mazoya alisema hatimaye. "Mke wangu kila asubuhi akinywa kikombe chake anasema mtoto ameniletea maji. Nenda wewe ukamwambie kwamba mtoto wake anaua watu."

Wakaafikiana kuwapelekea Nzogole tangi moja la maji matamu kila juma, kama sadaka ya majirani, bila maelezo. Tangi hilo lingetosha kwaya ya kanisa tu. Semeni akaambiwa bomba la ngazini lifungwe, na kwamba Jumapili shughuli ya mjukuu wake iendelee kama kawaida, watu wasije wakaingiwa na hofu.

Alipomsimulia Lea, alitegemea hasira. Lea alimsikiliza akiwa ananyonyesha, akauliza jina la yule mtoto aliyekufa, na aliposikia ni Yoeli, jina la baba yake, akageuzia uso ukutani.

"Kwa hiyo utakataa kummwagia Nyemo," alisema.

"Sijui, mwanangu."

"Ukikataa hana mgao. Atakuwa mgeni kwenye mji aliozaliwa. Yule wa Nzogole nimemlilia, mama, lakini huyu ndiye niliyenaye mikononi."

Semeni hakuweza kumwona mkosaji. Angekuwa na umri wa Lea, na mtoto kifuani, angesema maneno hayo hayo na pengine kwa sauti kubwa zaidi.

*

Jumapili watu walijaa ukingoni baada ya ibada. Familia mbili zilikuwa na watoto wa kutia chumvi, na bibi wa Nyemo, kwa heshima ya kazi yake, alipewa nafasi ya kwanza. Kwaya iliimba. Semeni alishuka ngazi na kikapu kichwani mpaka maji yakamfika magotini, kama alivyomshukia Lea miaka ile. Chini ya nyayo zake alihisi chumvi ya watoto wengine, ngumu kama sakafu.

Hapo alisimama, na hakumwaga. Kwaya iliendelea kidogo, kisha sauti zikaisha moja moja.

Aliwaambia. Hakutumia maneno ya vipimo. Alisema mfinyanzi chini ya miguu yake umepasuka kwa sababu ya uzito wa upendo wao, kwamba chumvi yao inashuka Nzogole, na kwamba watoto wa Nzogole wanakufa wakiinywa. Aliwataja kwa majina wale aliowajua, na ndugu zao waliokuwa pale ukingoni wakawajua. Kisha akamgeukia Mazoya.

"Kanuni inasema mtu anaweza kutoa chumvi yake."

"Anayeitoa anatoka mjini pia," Mazoya alisema. "Hana tena maji hapa. Unalijua hilo."

"Nalijua. Ninatoa yangu, na ya mume wangu Yoeli. Pimeni vikapu viwili, vikae vikavu ghalani, visirudi tena bwawani. Halafu nitatia kimoja cha mtoto."

Mtu mmoja nyuma alisema mama wa watu kachanganyikiwa na uzee. Mwingine akamnyamazisha. Mazoya alisimama muda mrefu akikitazama kigingi cha Eliwaza, kilichokuwa karibu na mkono wake, na kwa kitambo Semeni alidhani mkono ule ungekishika. Haukukishika. Aliagiza mzani uletwe.

Walipima na kuzuia ghalani vikapu viwili vya chumvi iliyokuwa imekauka mabandani asubuhi ile. Vigingi viwili vikang'olewa, kimoja cheupe na kimoja cha rangi ya mti. Semeni alitoka ngazini, akauzunguka ukingo mpaka upande wa magharibi ambako mfinyanzi bado ulikuwa mzima, akaimimina chumvi ya Nyemo huko, kwa kuitawanya, kidogo kidogo. Bwawa lilikuwa limepungukiwa na kikapu kimoja. Hakuna kipimo ambacho kingeona tofauti yake, na yeye aliyevitumia vyote alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kisha mama wa mtoto wa pili, yeye mwenyewe bado msichana mdogo, akashuka ngazi ile ile ya mashariki. Alimtazama Semeni kwa mbali kama anayeomba radhi. Chumvi ikamwagika, na kwaya ikaimba, kwa sauti ya juu kuliko mwanzo.

Lea alimkuta getini akiwa amebeba kifurushi cha nguo. Hakumsihi abaki. Alimpa chupa ya maji matamu, akamwekea Nyemo mikononi, wakasimama hivyo mpaka mtoto alipoanza kulia kwa jua.

"Watakunyima hata nikikuombea kwa magoti," Lea alisema. "Nimeshawauliza."

"Vizuri wanifanyie hivyo. Na wewe usimnyime mtoto chochote, ana mgao wake halali."

*

Alifika Nzogole kabla jua halijapoa. Chupa ya Lea ilikuwa haijafunguliwa. Aliitoa kwa wanawake wa kwanza aliokutana nao, waliokuwa na vichanga migongoni, na hakungoja kuona walivyogawana. Nyuma ya zizi la Ndahani aliliona kaburi la mumewe, na pembeni yake jingine dogo, udongo wake bado haujashikana. Mashina ya mtama yaliyoizunguka nyumba yalikuwa na unga mweupe.

Ndahani alimletea kigoda. Mkewe, kwa kuwa mgeni ni mgeni, alikwenda kwenye mtungi, akachota kikombe, akakifuta pembeni kwa kiganja na kumpa Semeni kwa mikono miwili. Semeni alikinywa chote. Koo lilikataa katikati, akalilazimisha, mpaka akaona chini ya kikombe.

"Umepima?" Ndahani aliuliza.

"Nimepima."

"Imetoka wapi?"

Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Yote yalikuwa yamemtoka.

"Kwetu, shemeji. Ni chumvi tunayowatilia watoto wetu. Imepasua mfinyanzi, inashuka kwenu. Mimi ndiye niliyekuwa mpimaji, na sikupima."

Mke wa Ndahani alikaa chini taratibu, akajifunika uso kwa kanga. Ndahani aligeuka akatazama nyuma ya zizi, akatazama sana, na Semeni akangoja apigwe au afukuzwe, na lolote kati ya hayo angelipokea.

Hatimaye Ndahani alikichukua kikombe mikononi mwa Semeni, akaenda mtungini, akakijaza mpaka juu. Akarudi nacho, akampa.

"Kunywa, shemeji," alisema. "Ndiyo tunayokunywa sisi."